Mwalimu wa Chekechea na Thamani Yake kwa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, na watu wanaopanga bajeti, na mara nyingine na walimu wenyewe. Machache huulizwa kwa dharau, nayo yamejibiwa. Tumeanza na ya msingi. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine halirudiwi, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Mwalimu wa awali ni nani?

Ni mtu aliyeandaliwa kulea na kufundisha watoto wadogo. UNESCO huhesabu utoto wa awali tangu kuzaliwa hadi miaka 8, kwa hiyo kwa maana pana hata mwalimu wa darasa la kwanza yumo. Hapa tunamzungumzia zaidi yule anayeshinda na watoto wa chini ya miaka 6, awe kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, chekechea, au darasa la awali lililo ndani ya shule ya msingi.

2. Ana tofauti gani na yaya?

Si upendo. Yaya mzuri anao, na watoto wengi wamelelewa vyema na watu wasio na cheti chochote. Mwalimu ana kazi ya ziada ya kupanga: anajua kwa nini leo ametoa vikombe na maji badala ya rangi, anaandika alichokiona, na kesho anabadilisha kitu kutokana na alichoandika. Anafanya hivyo kwa kundi zima, akijua kipi kinatarajiwa kwa umri upi na kipi ni cha kutilia shaka.

Hata hivyo, usitafute mpaka mkali kati ya kulea na kufundisha katika umri huu. Mtoto wa mwaka mmoja anayebadilishwa nepi huku akisemeshwa na kusubiriwa ajibu kwa sauti zake yuko kwenye somo la lugha.

3. Si wanacheza tu siku nzima?

Wanacheza, ndiyo. La kuangalia ni mwalimu anafanya nini wakati huo.

Chukua watoto wawili wa miaka 4 wanaogombania tofali la mbao, refu, la mwisho lililobaki. Mtu asiye na mafunzo atalinyang'anya na kuliweka juu ya kabati, au atampa anayelia zaidi. Mwalimu anachuchumaa mpaka macho yake yawe sawa na yao, analishika tofali bila kulivuta, na anasema anachokiona: "Wote mnalitaka. Wewe unajenga daraja. Na mwenzako?" Kisha ananyamaza, na hapo ndipo penye ugumu, maana jibu la haraka lipo mdomoni mwake. Mmoja anasema lake ni la paa. Mwingine anatupia jicho rundo la matofali mafupi. Mwalimu anauliza kama mawili mafupi yanaweza kufika urefu wa hilo refu. Wanayapanga, yanafika, na ugomvi umekwisha kwa hesabu.

Katika muda huo mfupi watoto wametumia maneno badala ya meno, wamesubiri, wamemsikiliza mwenzao na kulinganisha urefu. Aliyepita nje na kuchungulia dirishani ameona mtu mzima amechuchumaa sakafuni, basi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Friedrich Froebel alianzisha kituo chake Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mipira na vipande vya mbao. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, kwa watoto wa familia maskini ambao mchana walikuwa hawana mwangalizi. Wawili hao wangebishana sana wangekutana, lakini wote waligeukia upesi kufundisha walimu. Waliona kwamba vifaa bila mtu anayejua kuvitumia ni mizigo ya kabatini.

4. Kwa nini miaka hii ya kwanza inapewa uzito mkubwa hivi?

Kwa sababu ubongo hauchelewi. Katika miaka michache ya mwanzo seli za ubongo huunda miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kwa sekunde, na kufikia miaka 6 ubongo umekaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Miunganiko inayotumika huimarika, isiyotumika hupogolewa. Na kinachoitumia zaidi ni mawasiliano ya kupokezana: mtoto anatoa sauti, anaonyesha kidole, anauliza, na mtu mzima anaitikia.

Ushahidi mchungu zaidi ulitoka Bucharest, Romania, ambako kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za kulelea watoto. Walikuwa wanalishwa na kuvishwa, ila walezi walikuwa wachache mno kuweza kumzoea mtoto yeyote. Nusu yao walihamishiwa kwa kura kwenye familia zilizowapokea kuwalea. Waliohamishwa mapema, hasa kabla ya kufikisha miaka 2, walipata nafuu kubwa zaidi.

Tahadhari moja: hii haina maana kwamba mlango unafungwa mtoto akitimiza miaka 5. Watu hujifunza maisha yote. Kinachobadilika ni gharama na jasho la kurekebisha kilichokosekana.

## Faida kwa jamii

5. Kuna ushahidi gani kwamba kazi yao inabadilisha maisha ya watu wazima?

Tafiti tatu hutajwa kila mara, na zinastahili.

Ya kwanza ilianza mwaka 1962 mjini Ypsilanti, Michigan, Marekani, katika shule ya awali ya Perry. Watoto weusi 123 kutoka familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu. 58 wakapata nafasi darasani, wengine wakabaki kama kundi la kulinganishia. Darasa lilikuwa la nusu siku tu, lakini walimu walikuwa wasomi wa fani hiyo, kila mmoja akiwa na watoto wapatao sita, na kila wiki walikwenda nyumbani kwa mtoto. Walipofikisha miaka 40, waliosoma pale walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wanapata kipato kikubwa zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi.

Ya pili, Abecedarian, ilianza mwaka 1972 huko North Carolina, Marekani, ikichukua watoto wachanga na kukaa nao hadi miaka 5. Walipofikisha miaka 30, waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa asilimia 23, dhidi ya 6 ya kundi la kulinganishia.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haikuwa na jengo. Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986, wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa walitembelea nyumba za watoto waliodumaa, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, wakicheza na mtoto na kumwonyesha mama namna ya kuendeleza mchezo kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye, walioshirikishwa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao.

Ni tafiti ndogo, na mazingira yake hayafanani na ya kila mahali. Kinachoziunganisha ni mtu aliyefunzwa, mwenye watoto wachache, anayeonana nao mara kwa mara na kumjua mzazi.

6. Lakini nimesikia faida hizo hufifia mtoto akifika shule ya msingi.

Umesikia sawasawa. Hata Perry, alama za vipimo vya akili zilipanda kisha zikashuka. Kilichodumu ni tabia: kuanza kazi na kuimaliza, kujizuia, kuelewana na wengine. Ukipima alama za mtihani pekee utasema faida imepotea. Ukisubiri maisha ya utu uzima utaona nyingine.

Lakini si kila mara mambo huishia vizuri. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto waliopata nafasi katika mpango wa awali wa jimbo walikuwa na matokeo mabaya zaidi kufikia darasa la sita, kimasomo na kinidhamu, kuliko walioikosa. Wanaotetea elimu ya awali hupenda kuruka habari hii. Mimi naiona ni hoja upande wa walimu: kuandikisha watoto ni kitu kimoja, na kinachotokea kati yao na mtu mzima aliye mbele yao ni kingine kabisa.

7. Ni kweli kila shilingi inarudi mara kadhaa?

Takwimu maarufu ni ya James Heckman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2000, ambaye pamoja na wenzake alikadiria kwamba Perry ilirudisha asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka kwa jamii. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni uhalifu uliopungua na kipato kilichoongezeka. Ni hesabu ya mpango mmoja wenye walimu bora, kwa watoto waliokuwa na uhitaji mkubwa. Mtu akikuonyesha kiwango hicho kisha akapanga kuwaweka watoto 50 na mlezi mmoja asiye na mafunzo, amechukua faida ya wengine na kuacha gharama yao.

8. Wazazi wananufaika vipi?

Wanafanya kazi. Mwaka 1997 jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kutoza dola 5 tu kwa siku kwa malezi ya mchana, na akina mama wengi waliingia au kurudi kazini. Mwaka 2020, vituo vilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, dunia nzima ilijionea: daktari, dereva na karani walikwama nyumbani kwa sababu mtu mmoja hakuwepo kupokea mtoto asubuhi.

Quebec ina somo la pili pia. Wachumi waliofuatilia watoto wake walikuta wasiwasi na ukali vimeongezeka kwa baadhi yao. Nafasi zilifunguliwa kwa kasi, na vituo vingi vilivyokaguliwa vilionekana vya ubora wa kati au chini. Mzazi kwenda kazini na mtoto kukua vizuri hazitimii kwa pamoja zenyewe.

9. Je, wanaweza kugundua ulemavu au tatizo la makuzi?

Kugundua dalili, ndiyo. Kutoa hukumu ya kitabibu, hapana. Mwalimu anaona watoto wengi wa umri mmoja kwa wakati mmoja, kitu ambacho mzazi mwenye mtoto mmoja hana. Ndiye anayeona kwamba mtoto hageuki akiitwa kutoka nyuma, au maneno aliyokuwa nayo yamepungua. Usikivu hafifu ukijulikana mapema, lugha huokolewa. Mwalimu akikuomba umpeleke mtoto akapimwe, usilichukue kama tusi kwa ukoo wako.

## Kazi yenyewe

10. Anayependa watoto hawezi kuifanya?

Anaweza kuianza. Upendo utamfikisha mpaka saa nne asubuhi, wakati watoto watatu wanalia kwa sababu tatu tofauti na wa nne ameng'ata mtu. Baada ya hapo kinachofanya kazi ni ujuzi: kujua kwamba kung'ata kwa mtoto wa miaka 2 si uovu, kujua nani ahudumiwe kwanza, kuwa na wimbo au shughuli iliyo tayari, na kubaki na sauti ileile ya chini.

11. Mwalimu mmoja anapaswa kuwa na watoto wangapi?

Inategemea umri. Nchini England, kwa mfano, sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka 2, mmoja kwa watano wa miaka 2, na mmoja kwa 13 wa miaka 3 na 4 ikiwa yeye ni mwalimu mwenye sifa kamili. Nchi nyingi haziko karibu na hapo. Ukivuka idadi fulani, mwalimu hodari kabisa anageuka mlinzi: anahesabu vichwa, anazuia majeraha, na yale mazungumzo ya swali la 3 hayana nafasi.

12. Kama kazi ni kubwa hivi, kwa nini mishahara ni midogo?

Kwanza, kazi hii ilifanywa na wanawake nyumbani bila malipo kwa vizazi vingi, na kilichozoeleka kuwa bure hakipandi bei kirahisi. Mpaka leo, katika nchi nyingi zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa awali ni wanawake.

Pili, haiwezi kuharakishwa. Kiwandani, mashine mpya humwezesha mfanyakazi mmoja kuzalisha mara kumi. Mwalimu wa watoto wachanga hawezi kuwa na watoto kumi badala ya watatu na kuiita hiyo tija. Mshahara wake hulipwa na familia chache tu, tena vijana ambao ndio kwanza wanaanza maisha. Akilipwa anachostahili, wao hawamudu. Wakilipa wanachomudu, yeye ndiye anayebeba pengo. Anaipa ruzuku jamii nzima kutoka mfukoni mwake.

Tatu, anayefaidika hajulikani kwa jina. Faida inatokea miaka 20 baadaye, kwa mwajiri ambaye hakuchangia na kwa mahakama ambayo haikupata kesi. Hakuna anayeletewa ankara. Ndiyo maana soko peke yake halitalimaliza tatizo hili, na nchi ambazo zimepiga hatua, kama Sweden, zimefanya hivyo kwa fedha za umma. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wa kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa elimu ya awali mwaka 2013. Kuna njia iliyoandikwa kwa anayetaka kuifuata.

Kuna jibu jingine ambalo hutolewa kwa upole: kwamba hii ni kazi ya wito. Wito haulipi kodi ya nyumba, na walimu wamechoka kuusikia kutoka kwa watu wenye mishahara.

13. Na wanaume?

Wanaweza, na wanahitajika. Ulinzi wa mtoto hauletwi na jinsia ya mwalimu. Unaletwa na ukaguzi wa historia ya kila anayeajiriwa, milango yenye vioo, na kanuni kwamba mtu mzima hajifungii peke yake na mtoto. Kanuni hizo ziwe kwa wote.

## Kati ya mzazi na mwalimu

14. Mwanangu ana miaka 4 na bado hawamfundishi kusoma na kuandika. Nimhamishe?

Subiri kwanza. Kabla ya kuandika, vidole vinahitaji nguvu, nayo inajengwa kwa kufinyanga, kukata kwa mkasi na kufunga vifungo. Kabla ya kusoma, sikio linahitaji kutofautisha sauti, nalo linafunzwa na nyimbo, vina na hadithi. Nchini Finland shule huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, na watu wake hawajakosa kusoma. Muulize mwalimu anajenga nini kwa shughuli anazotoa. Akikueleza, muache afanye kazi. Akisema "wanacheza tu," una haki ya wasiwasi.

15. Nitamtambuaje mwalimu mzuri?

Usianze na rangi ya ukuta wala orodha ya lugha za kigeni. Omba kukaa kona ya chumba nusu saa, kisha sikiliza. Je, anawaita kwa majina? Anauliza maswali ambayo hajui majibu yake, kama "umeijengaje?", au ni "hii rangi gani?" tu? Mtoto akianguka, anakimbilia kwa nani? Sauti ya nani inatawala chumba? Chumba kizuri kina kelele ya watoto wanaoshughulika. Ukimya kamili wa watoto wa miaka 3 unatisha zaidi ya kelele.

16. Analia kila asubuhi nikimwacha. Mwalimu ndiye tatizo?

Mara nyingi, hapana. Kulia wakati wa kuachana ni dalili kwamba anakupenda na anajua unaondoka. Muage waziwazi, kwa kifupi, kisha uende. Kutoroka akigeuka kunamfundisha kukulinda asikupoteze machoni. Muulize mwalimu analia muda gani ukishaondoka. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado analia siku nzima, hapati usingizi, hataki chakula, au amebadilika hata nyumbani, hapo kaa na mwalimu mlichunguze.

17. Amemwita mwalimu "mama". Nimeumia.

Inaeleweka, lakini hujanyang'anywa kitu. Mtoto anaweza kushikamana na watu wazima kadhaa, na mzazi hubaki wa kwanza. Neno hilo limemtoka kwa sababu amejisikia salama pale, na ndicho unacholipia. Mwalimu mwenye busara hujibu kwa jina lake, bila kicheko na bila kumkaripia.

## Maswali ya pembeni

18. Kishikwambi chenye programu nzuri hakiwezi kuchukua nafasi yake?

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa watu walewale na maneno yaleyale kwa video hawakujifunza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku.

19. Niko nyumbani na nina muda. Mtoto lazima aende?

Si lazima kwa mtoto mdogo sana anayesemeshwa, kusomewa na kuchezeshwa nyumbani. Kuanzia miaka 3 hivi, atakachokosa ni kundi: kusubiri zamu, kushindwa mbele ya wenzake, kuelewana na mtu mzima ambaye si ndugu yake. Saa chache kwa wiki zinaweza kutosha.

20. Na kama faida zote za baadaye zisingekuwepo?

Mwalimu angebaki na thamani ileile. Hoja ya uchumi ni nzuri kwa wanaogawa bajeti, ila ina kasoro ya kumwona mtoto kama mfanyakazi ambaye hajaiva. Mtoto wa miaka 3 anaishi leo. Muda wa saa nane akiwa na mtu anayemsikiliza, au muda huohuo akiwa na mtu anayemtisha, ni sehemu ya maisha yake tayari, hata kama hakutakuwa na mtafiti wa kumpima akifika miaka 40.

21. Mwalimu wa mwanangu anaacha kazi katikati ya mwaka. Nifanye nini?

Mwambie mtoto mapema, kwa maneno mafupi, na usimdanganye kwamba atarudi. Omba uongozi umlete mwalimu mpya siku chache kabla wa zamani hajaondoka, washirikiane chumbani. Omba pia daftari la kumbukumbu za mtoto lipitiwe na wote wawili. Kisha uliza ni wangapi wameondoka mwaka huu na kwa nini. Kama ni wengi, rudi swali la 12, na ulipeleke kwenye kikao kijacho cha wazazi.